Lynn Rival Yatweka Tanga Tena

Paul na Rachel Chandler waliacha kazi kabla ya umri ambao Waingereza wengi hustaafu, na sababu yao ilikuwa inaelea majini. Lynn Rival ilikuwa boti ya matanga ya futi 38, isiyo na fahari yoyote. Nyumba yao ilikuwa Tunbridge Wells, kusini mwa Uingereza, lakini miaka ile makazi yao halisi yalikuwa popote waliposhusha nanga: Mediterania, kisha Bahari ya Shamu, kisha India, kisha Shelisheli.

Maisha ya namna hiyo huonekana ya anasa kwa anayeyatazama akiwa ufukweni. Ndani ya boti mambo ni mengine. Wasafiri wakiwa wawili tu, hawawezi kulala pamoja safarini. Mmoja akijilaza, mwenzake yuko usukani akitafuta taa za meli kubwa gizani, na baada ya saa chache hupokezana zamu. Mume na mke wanabanana katika nafasi finyu kuliko chumba cha kupanga, na bado wiki nzima inaweza kupita wakikutana vizuri wakati wa chakula tu. Chumvi hula nyaya za umeme, pampu ya maji, hata zipu ya begi. Injini hugoma siku hiyohiyo upepo ulipokufa. Halafu asubuhi moja nchi kavu hutokeza, nanga huzama kwenye maji maangavu, na aliyekuwa akilaani bahari jana usiku anakula embe bivu na kuuliza safari ijayo ni lini.

Waliofika Bahari ya Hindi kwa tanga wamekuwa wakizitii pepo zilezile tangu enzi za majahazi ya Omani na Gujarati: kaskazi ya kushukia pwani yetu, kusi ya kurejea. Oktoba, kusi inapochoka na kaskazi haijashika, ni majira ya tangambili. Hapo ndipo akina Chandler walipoiweka tayari boti yao kuondoka Mahe, Shelisheli, kwenda Tanzania, mwendo wa karibu maili 1,000 za baharini. Kwa boti ya kiasi kile, hiyo ni zaidi ya wiki nzima bila kuona nchi.

Waling'oa nanga tarehe 22 Oktoba 2009.

Bahari waliyoingia haikuwa tena ile ya majahazi. Serikali ya Somalia ilikuwa imesambaratika mwaka 1991, na uharamia ulioanzia karibu na pwani ukakua hadi kuwa biashara yenye wafadhili na wapatanishi. Manowari za mataifa mengi zilipobana Ghuba ya Aden, maharamia walisogea nje, wakitumia meli walizoteka kama kituo cha kurushia mashua zao za kasi, hadi wakafika maji ya Shelisheli. Wiki moja kabla akina Chandler hawajaondoka, meli ya makontena Kota Wajar ilitekwa ikiwa njiani kuja Mombasa.

Tarehe 23, saa nane na nusu usiku, Paul alikuwa amelala na Rachel yuko zamu. Watu wenye bunduki waliruka ndani ya boti. Siku chache baadaye, karibu na pwani ya Somalia, akina Chandler wakahamishiwa Kota Wajar huku Wave Knight, meli ya kikosi saidizi cha wanamaji wa Uingereza, ikishuhudia kwa karibu na ikichelea kuwafyatulia risasi mateka. Lynn Rival ikabaki inaelea peke yake, tupu. Waingereza waliiokota na kuirudisha kwao. Wenye boti wakapelekwa nchi kavu.

Wageni hao wasio wa hiari walishikiliwa siku 388. Maharamia walianza kwa kudai dola milioni 7, wakidhani kila Mzungu mwenye boti ni tajiri, na serikali ya Uingereza ikashikilia msimamo wake wa kutolipa fidia. Watekaji waliwatenganisha mume na mke kwa karibu miezi mitatu. Walipokataa kuachana, walipigwa: Paul kwa mjeledi, Rachel kwa kitako cha bunduki. Watu waliozoea kutegemeana kwa kila kamba na kila zamu walijikuta kila mmoja hajui kama mwenzake yu hai.

Msaada ulitoka pande nyingi, ukiwemo upande ambao wengi hawakuutarajia. Wasomali wanaoishi Uingereza walipaza sauti wakidai waachiwe. Mmoja wao, Dahir Kadiye, aliyewahi kuendesha teksi London, alisafiri hadi Somalia kuzungumza na wazee na watekaji. Tarehe 14 Novemba 2010 wawili hao waliachiwa katika mji wa Adado, wakapitishwa Mogadishu na kufikishwa Nairobi. Ndipo Paul alipopata habari kwamba baba yake alikuwa amefariki miezi michache nyuma.

Wakati wao wanajifunza tena kulala bila bunduki mlangoni, bahari waliyoiacha ilizidi kuchafuka. Februari 2011 Wamarekani Scott na Jean Adam, mume na mke waliokuwa wakizunguka dunia kwa boti yao Quest tangu 2004, walitekwa nje ya Omani pamoja na wenzao wawili. Wote wanne waliuawa huku manowari za Marekani zikiwa karibu. Siku mbili baadaye ikatekwa familia ya Wadenmarki yenye watoto. Mabaharia wa matanga wakaacha Bahari ya Shamu. Wengine walizunguka kwa Rasi ya Tumaini Jema, safari ndefu yenye bahari kali. Wengine walilipa boti zao zipakiwe juu ya meli kama mzigo.

Utulivu ulirudi polepole. Walinzi wenye silaha kwenye meli za biashara na doria za manowari vilipunguza utekaji, na tarehe 1 Januari 2023 mashirika ya meli yaliliondoa eneo hilo la Bahari ya Hindi kwenye orodha ya hatari kubwa. Machi 2024, hata hivyo, meli ya Bangladesh, Abdullah, ilitekwa ikiwa imebeba makaa ya mawe kutoka Msumbiji, ikashikiliwa kwa mwezi mzima.

Akina Chandler hawakusubiri orodha ya mtu. Mwaka 2011 walichapisha kitabu cha masaibu yao, na boti iliyookotwa ikatengenezwa upya Devon, kusini magharibi mwa Uingereza. Wengi walishangaa: mtu aliyeokoka vile si angenunua bustani akapanda maua? Lakini utekaji uliwanyang'anya mwaka mmoja wa maisha, haukuwanyang'anya boti wala ile kazi ya pamoja waliyoichagua walipoacha ofisi. Septemba 2012 Lynn Rival ilitoka Dartmouth, ikielekea Atlantiki. Wanaoshika njia hiyo kwa kawaida hushuka kwanza Ureno na Visiwa vya Kanari, wakangoja hadi Novemba msimu wa vimbunga upite, ndipo wakavuka wakisukumwa na pepo za kaskazini mashariki.