Dakika 20 Juu ya Mkanda

Leo siandiki kuhusu simu mpya wala programu ya bure ya kupakua. Naandika kuhusu mashine ya kukimbilia, ile ambayo watu wa jimu huiita tredmili, na jinsi ilivyonifunza jambo ambalo miaka mingi ya kuandika programu haikunifunza.

Mwaka 2023 daktari alinipima presha. Akaitazama namba, akanitazama mimi, akapima tena. Kukaa mbele ya tarakilishi tangu asubuhi hadi usiku, chai ya maziwa na maandazi juu yake, kulikuwa kumenifikisha pabaya. Akaniambia nitembee kwa kasi nusu saa kwa siku, siku 5 kwa wiki. Ukijumlisha unapata dakika 150, na hicho ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linampendekezea mtu mzima. Sasa, barabara ya mtaani kwetu hapa Nairobi haina njia ya waendao kwa miguu, na nikitoka kazini giza limeshaingia. Basi nikajiunga na jimu.

Jimu yenyewe iko juu ya duka la mabati na misumari. Ina mashine 3 za kukimbilia, na moja ilikuwa imebandikwa karatasi ya "Mbovu" kabla sijajiunga. Zilibaki 2. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 usiku kila aliyetoka kazini anazitaka hizo hizo. Ukutani kulikuwa na tangazo: watu wakiwa wanasubiri, mwisho ni dakika 20. Kila mtu alikuwa amelisoma. Hakuna aliyelifuata.

Nilizijua mbinu haraka. Kulikuwa na dada aliyetembea polepole huku akiongea na simu kwa dakika 50. Kulikuwa na kijana ambaye akifika dakika ya 19 anaizima mashine na kuiwasha tena, hesabu ianze sufuri. Na kulikuwa na mbinu ya taulo: unalitundika juu ya kioo kinachoonyesha dakika, unaziba masikio kwa muziki, unaukodolea macho ukuta kana kwamba nyuma yako hakuna mtu. Hii ya mwisho nitairudia.

Waliokuwa wakiumia ni wapole. Mama mmoja alikuwa lazima aondoke saa 1 na nusu ili awahi matatu. Nilimwona zaidi ya mara moja akingoja mpaka muda wake ukaisha, akabadilisha viatu, akaondoka bila kuikanyaga mashine. Hakumlaumu mtu. Sisi watu wa programu tuna jina la hali hii: njaa. Programu imo kwenye foleni, haina kosa lolote, lakini zamu yake haifiki kamwe kwa sababu zilizo mbele yake haziachilii.

Dawa ya njaa hii imejulikana zamani. Mwezi Novemba 1961, katika chuo cha MIT kule Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioruhusu watu kadhaa kutumia tarakilishi moja kwa wakati mmoja. Mashine zilikuwa ghali na chache, kama tredmili zetu. Kila mtu alipewa kipande kidogo cha muda. Kikiisha, kazi yake inasimamishwa, ya mwingine inaingia, na mzunguko unaendelea upesi kiasi kwamba kila mmoja anaona kama mashine ni yake peke yake. Simu iliyo mkononi mwako bado inagawa muda kwa namna inayofanana na hiyo. Na waliokuwa Nairobi mapema miaka ya 2000 wanakumbuka saiba: unalipa kwa dakika, kisaa kiko pembeni mwa skrini, na muda ukiisha skrini inajifunga hata kama barua pepe yako haijatumwa.

Nikajiambia, hili tatizo nalijua. Wikendi moja tu nikaandika programu ndogo ya tableti kuukuu. Unaingiza jina lako, unapewa dakika 20, zikiisha tableti inalia na jina la anayefuata linatokea kwa maandishi mekundu. Mwenye jimu akafurahi, akaitundika kando ya mashine. Wiki mbili mambo yalikwenda kama maji. Yule dada wa simu alishuka. Yule kijana wa sufuri alikosa la kufanya. Mama wa saa 1 na nusu alipanda, akamaliza, akawahi matatu yake. Nilitembea mle ndani kifua mbele.

Kisha akaja mzee mmoja. Mwaka uliotangulia alikuwa amepata kiharusi, na mguu wake wa kushoto ulikuwa bado mzito. Alitakiwa kutembea taratibu tu. Kupanda peke yake kulimla dakika 3, ameshika vyuma kwa mikono yote miwili, na saa yangu ilikuwa inahesabu. Anayefuata nilikuwa mimi.

Dakika ya 20 tableti ikalia. Mimi nilikuwa nimeshasimama kando, taulo begani. Sikusema neno. Sikuhitaji, programu ilikuwa ikisema kwa niaba yangu. Mzee akashtuka, akageuka kushuka kabla mkanda haujasimama. Mguu wa kushoto ukabaki nyuma. Mkufunzi alimdaka kwapani akiwa tayari anaanguka.

Hakuumia. Lakini ukumbi mzima ulinyamaza, na tableti ikaendelea kulia. Tulimkalisha, nikaomba radhi, akasema hapana neno. Kisha mimi, niwaambieni ukweli, nikapanda mashine. Ilikuwa zamu yangu.

Wiki nzima hakuonekana. Alipotokea tena, nilimfuata kwenye benchi kabla hajavua koti.

"Mzee, nisamehe. Ile programu ni yangu."

"Najua, kijana. Mkufunzi aliniambia." Akafungua kamba za viatu taratibu. "Haikukosea hesabu. Dakika zilikuwa zimeisha. Lakini wewe ulikuwa umesimama pale pale. Mbona hukuniuliza zimebaki ngapi?"

Nikakosa jibu.

"Ungeuliza, ningekwambia, mwanangu, nipe 3 nipunguze mwendo. Kisha ningeshuka mwenyewe."

Usiku huo niliifungua programu yangu nikitafuta kosa, na kosa sikuliona, kwa sababu halikuwa kwenye msimbo. Tarakilishi ikisimamisha kazi katikati, kwanza inaihifadhi ilipofikia. Ikiirudia inaendelea pale pale kama vile hakuna kilichotokea. Mtu aliye juu ya mkanda unaozunguka hahifadhiwi hivyo. Mapigo ya moyo yanahitaji kushuka polepole. Ukisimama ghafla unaweza kupata kizunguzungu, hata kama ni mzima wa afya. Nilichukua sheria ya mashine nikaivisha watu bila kuipima.

Kuna amri moja ya mifumo ya Unix ambayo nimeitumia miaka mingi bila kuifikiria. Inaitwa nice, neno la Kiingereza la kumsifu mtu mwema. Kazi yake ni kuiambia programu ikubali kuwapisha wenzake. Utamu wake uko hapa: mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kujishusha kwenye foleni, lakini hana ruhusa ya kujipandisha. Kupandishwa hutoka kwa msimamizi. Yule mzee hakuwa na namna ya kujipandisha. Kusema mbele ya watu "mimi ni mgonjwa, niongezeeni" si jambo jepesi kwa mtu mzima. Sisi tuliokuwa tunasubiri ndio tuliokuwa na uwezo wa kumpandisha, na mimi nilikuwa wa kwanza kati yao.

Tena kushuka kwangu hakukunigharimu kitu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 ulitaka mazoezi ya aina hii yafanywe kwa vipande visivyopungua dakika 10. Ule wa mwaka 2020 uliondoa hata sharti hilo. Nusu saa yangu inaweza kugawanywa: 15 kwenye mkanda, zilizobaki kupanda na kushuka ngazi za jengo la ofisi.

Tulifanya mabadiliko machache. Tableti ipo bado, na kikomo cha dakika 20 kipo, maana bila hicho mama wa matatu angerudi kuondoka bila kukanyaga mashine. Lakini haipigi kelele tena. Dakika 3 za mwisho inaandika "Punguza mwendo." Saa inaanza mtu akishapanda, si akiandika jina. Na anayefuata ndiye mwenye kazi ya kusogea mbele, aonekane, aulize kwa sauti ya kawaida: "Zimebaki ngapi?" Tumeona mtu akiulizwa hivyo hujibu kwa uungwana kuliko akipigiwa king'ora. Wengi huongeza wenyewe, "Njoo, nimemaliza." Mzee tunampa 30, na hajawahi kuziomba.

Kikomo cha muda kinamlinda mpole. Swali linamlinda mnyonge. Jimu yenye kimoja tu kati ya hivyo viwili ina watu wanaoumia kimya kimya.

Nilisema nitairudia mbinu ya taulo. Ilikuwa yangu. Kabla ya tableti, jioni nyingi ambazo yule mama aliondoka bila kupanda, mmoja wa wawili waliokuwa juu ya mashine nilikuwa mimi, taulo juu ya kioo, macho ukutani. Siku hizi nalivaa shingoni.