Ukuta wa Lubaki

Nyumba ya udongo haidumu kama nyumba ya mawe. Katika vijiji vya Katanga watu walisimamisha miti, wakafunga fito, wakakandika udongo, kisha wakaulainisha ukuta kwa kiganja cha mkono. Ukuta ulipokauka, ulikuwa safi kama ubao wa shule ambao haujaandikwa. Basi, walikuwako watu ambao hawakuweza kuuacha ukuta hivyo. Walitwaa udongo mweupe uitwao pemba, na udongo mwekundu, na makaa. Wakavisaga, wakachanganya na maji, wakachora. Majira ya mvua yakaja, upepo ukapiga maji ukutani, na picha ikachuruzika mpaka chini. Mwenye nyumba alikandika tena, akachora tena.

Mmoja wa watu hao alikuwa Albert Lubaki. Kazi yake ilikuwa kuchonga pembe za ndovu. Alikaa Bukama, kando ya mto Lualaba. Reli iliyotoka Elisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi, ilifika Bukama mwaka wa 1918. Hapo wasafiri walishuka katika gari la moshi, wakapanda mashua kufuata mto. Kwa hiyo watu wengi walipita Bukama: wenye mizigo, wenye barua, wenye haraka. Na aliyepita penye nyumba iliyochorwa, hata akiwa na haraka, aligeuza kichwa. Hakulipa kitu. Hakuomba ruhusa. Picha ya ukutani ni ya kila apitaye njiani.

Mwaka wa 1926 alipita hapo Mbelgiji mmoja, Georges Thiry, mtumishi wa serikali ya kikoloni. Aliziona picha kutani, akamtafuta aliyezichora, akampata Lubaki. Thiry alifurahi, lakini pia aliingiwa na wasiwasi. Aliwaza: Mvua itakapofika, kazi hii itakwenda wapi? Basi akampa Lubaki karatasi na rangi za maji.

Lubaki akachora, na mkewe Antoinette akachora vilevile. Walichora wanyama, ndege, miti na watu. Hawakuijaza karatasi yote. Waliacha weupe wake kuzunguka picha, kama vile ukuta unavyobaki mtupu kuzunguka mnyama aliyechorwa juu yake. Mkono ulikuwa umezoea ukuta, wala haukuusahau. Baadaye, huko Kasai, Thiry alikutana na mchoraji mwingine, Djilatendo, aliyekuwa fundi wa kushona nguo. Huyo naye alichora kwenye karatasi.

Karatasi za Lubaki zikavuka bahari. Zilionyeshwa Brussels mwaka wa 1929, Geneva mwaka wa 1930, na Paris mwaka wa 1931. Watu waliovaa vizuri walisimama mbele yake, wakashangaa. Lakini mkono uliozichora ulibaki Kongo. Baada ya miaka michache makelele yakatulia, karatasi zikafungiwa makabatini, na jina la Lubaki likasahauliwa kwa miaka mingi.

Hapa panafaa kusimama kidogo na kufikiri. Wahenga walisema: Mcheza kwao hutunzwa. Je, Lubaki alitunzwa? Bila karatasi, leo hakuna mtu ambaye angejua alichora nini, maana mvua haina huruma. Karatasi iliiokoa kazi yake. Lakini karatasi iyo hiyo iliichukua kazi mbali na macho ya wale waliochorewa. Mtoto wa Bukama aliyezaliwa nyuma hakuiona. Mtoto wa Paris aliweza kuiona. Kilichookolewa ni picha. Kilichopotea ni ule mlango wa nyumba, na jirani anayepita asubuhi na kusema: Leo umechora vizuri.

Mwaka wa 2015 kazi za Lubaki na za Antoinette zilionyeshwa tena Paris, pamoja na kazi za wachoraji wengi wa Kongo. Katika hao alikuwamo Chéri Samba, aliyezaliwa mwaka wa 1956. Yeye alianza Kinshasa kwa kuchora mabango ya maduka. Mwaka wa 1975 alifungua karakana yake mwenyewe, akatundika picha zake nje, barabarani, ili wapita njia wazione. Naye alifanya kama Lubaki: aliwachorea kwanza majirani zake. Sifa za mbali zikaja nyuma.

Hata leo, katika miji ya Kongo, utaona ukuta wa kinyozi wenye vichwa vilivyonyolewa vizuri, na duka lililochorwa samaki na chupa. Aliyechora amesimama juani kutwa nzima, na kopo la rangi mkononi. Watoto, mkipita hapo, msipitishe makaa wala kisu juu ya ukuta huo. Simameni kidogo. Ulizeni jina la fundi, mlishike. Maana picha hufutwa na mvua, na hilo ni jambo la kawaida. Lakini jina la mtu halifutwi na mvua. Hufutwa na majirani wasiouliza.