Jua ni la Wote, Betri ni ya Nani?

Mwaka 2009, nilipopata uhamisho kutoka Matamba, nilipanda juu ya paa la nyumba ya mwalimu niliyokuwa nikiishi, nikafungua paneli yangu ya sola, nikaifunga kwenye blanketi na kuteremka nayo kona 57 za barabara ya Chimala. Kwenye bati niliacha matundu manne. Ndani niliacha giza. Sikuona kosa: niliinunua kwa mshahara wangu.

Hivi karibuni nilipita katika nyumba ile. Mwalimu anayeishi humo, dada mdogo wa somo la Fizikia, alinipokea kwa shikamoo, kisha akaomba radhi kwa ndoo iliyokuwa katikati ya sebule. "Bati linavuja, mzee. Wanasema zamani kuna mwalimu alifunga sola." Nilimeza mate, nikamwambia mwalimu huyo ni mimi.

Ndugu msomaji, miaka yote hiyo matundu manne hayakuzibwa, kwa kuwa nyumba ya umma kila mtu huiona ya mwingine. Sola nayo imeingia katika mkumbo huohuo. Baridi ya Makete si adui wa paneli. Paneli hufanya kazi vizuri zaidi isipopata joto kali. Kinachokufa ni betri. Betri ya risasi na asidi ikimalizwa chaji kila usiku, na asubuhi ukungu ukaziba jua, haidumu. Ikifa, mtumishi husubiri halmashauri, halmashauri husubiri mradi, na paneli hubaki pambo la paa.

Wapo watakaosema nguzo za umeme zimekwishafika vijijini. Ni kweli, na kazi ya REA tangu 2007 inastahili heshima. Lakini mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulitukumbusha kwamba nguzo si umeme. Mkunga anayeishi jirani na zahanati huitwa usiku wowote, uwe umekatika au la.

Mwaka 2018 serikali ya jimbo la South Australia ilitangaza mpango na kampuni ya Tesla wa kufunga paneli na betri katika nyumba 50,000, ikianzia na nyumba za umma. Mpangaji halipii ufungaji, na betri za nyumba nyingi huunganishwa zifanye kazi kama kituo kimoja cha umeme. Hatuna fedha za namna hiyo. Ila kanuni iliyomo ndani yake haitushindi: kifaa ni cha nyumba, si cha anayelala ndani yake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Paneli na betri ziandikwe katika daftari la mali, zikabidhiwe pamoja na funguo mtumishi anapohama, na halmashauri itenge kila mwaka fungu la kununua betri mpya. Mtumishi naye achangie kidogo, kama anavyonunua LUKU.

Nilimlipa fundi akaziba matundu. Nilipoaga, yule dada alinionyesha paneli mpya aliyoinunua kwa mshahara wake, bado imo kwenye boksi. "Nikiifunga juu, mzee, halafu nikahamishwa, niiache au niondoke nayo?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Mwenye jibu ni mwajiri wake.