Kabla Hujaweka Sahihi, Hesabu Siku Zako

Nianze na ukweli ndio nisikumalizie bando bure: Kenya haina bima ya kupoteza kazi. Hakuna ofisi Homa Bay, hakuna Migori, hakuna hata Nairobi, ambapo utaingia Jumatatu useme "nimefutwa Ijumaa" waanze kukulipa kitu kila mwezi hadi upate kazi ingine. Watu wengi hudhani iko, na ukiwauliza ni gani wanakujibu NSSF.

NSSF si hiyo, bana. Hiyo ni pesa ya uzeeni. Unaigusa ukifika miaka 60, au 50 kama umeamua kustaafu mapema, au ukipata ulemavu wa kukuzuia kazi, au ukifa wapewe walio nyuma yako. Ukiwa na miaka 27, mzima kabisa, njaa imekukamata, NSSF inakuangalia tu.

Mimi nilifanya kazi Homa Bay mjini miaka 3 na miezi 7, kwenye duka moja kubwa la vifaa vya ujenzi. Jina silitaji. Mshahara ulikuwa 21,000. Kila mwisho wa mwezi walikuwa wanakata NSSF asilimia 6, hiyo ni 1,260. SHIF ya hospitali asilimia 2.75, hiyo ni 577 na senti 50. Tozo ya nyumba asilimia 1.5, yaani 315. Jumlisha: 2,152 na senti 50, na sijafika hata kiwango cha kulipa kodi ya mapato. Nalipia uzee, nalipia ugonjwa, nalipia nyumba ambayo sijui nitaishi lini. Kwa siku ya kuachishwa kazi, hakuna hata shilingi.

Hiyo siku ilikuja Ijumaa jioni. Tuliitwa watu tisa. Tukaambiwa biashara imepungua, tawi linapunguza watu, na kila mmoja akawekewa karatasi mbele yake. Chini ya karatasi imeandikwa kwamba umepokea haki zako zote na hutadai kitu tena. Pesa yenyewe ilikuwa mshahara wa mwezi huo tu, ambao tulikuwa tumeshaufanyia kazi.

Mmoja wetu akauliza, kwa heshima kabisa, kuhusu malipo ya miaka aliyofanya. Jibu likaja haraka kama limekaririwa: "Nyinyi mko NSSF. Sheria inasema mtu wa NSSF halipwi hiyo."

Hapo ndipo nataka usome polepole, kwa sababu hilo jibu limekula pesa za watu wengi sana huku kwetu. Kuna vitu viwili. Cha kwanza wafanyakazi huita sevisi, malipo ya utumishi. Iko kwenye kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira ya 2007, na ni kweli, kama wewe ni mwanachama wa NSSF sheria haikupi hiyo. Cha pili ni siviransi, malipo ya kupunguzwa kazi. Iko kifungu cha 40. Hiyo haijali kama uko NSSF au hauko. Kazi ikiisha kwa sababu nafasi yako imeondolewa, bila kosa lako, unalipwa si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimiza. Juu yake notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi badala ya notisi, na siku za likizo ambazo hukuchukua zinageuzwa pesa. Tena mwajiri anatakiwa kumwarifu afisa wa kazi wa serikali kwa maandishi mwezi mzima kabla.

Sasa hesabu. Mshahara 21,000 ni 700 kwa siku. Miaka iliyotimia ni 3, kwa hivyo siku 45, sawa na 31,500. Notisi 21,000. Likizo nilikuwa na siku 12, hiyo 8,400. Jumla 60,900. Na hiyo ni mbali na mshahara wa mwezi ambao karatasi ilikuwa inanipa kama zawadi.

Sikuweka sahihi. Nilisema naomba nakala niisome nyumbani, nitarudi Jumatatu. Sheria ya Ajira iko kwenye intaneti, bure, nilikuwa nayo kwenye simu. Lakini usinione shujaa. Mimi sina mtoto wa kulipia karo, chumba changu kilikuwa kimelipwa, na dadake baba, waya, anaishi Rongo na kwake chakula hakikosi. Niliweza kungoja.

Stoo kulikuwa na mama mmoja tulikuwa tunamwita Mathe. Miaka 11 pale. Alikuwa analipwa 18,000, yaani 600 kwa siku. Siku 15 mara miaka 11 ni siku 165. Hiyo ni 99,000, kabla hata ya notisi. Nilimhesabia nje ya duka, kwa kidole kwenye simu, akaangalia hiyo namba kwa muda. Alikuwa ameshaweka sahihi na 18,000 iko kwa mkoba.

Akaniambia, "Nyathina, mtoto amefukuzwa shule Jumatano. Wewe unaniambia ningoje Jumatatu?"

Nimefikiria hayo maneno kuliko kifungu chochote. Mathe si mjinga. Alijua anaonewa. Alichokosa ni siku tatu. Na hapo ndipo nilielewa bima ya kupoteza kazi ni ya nini hasa. Watu huisema kama pesa ya kukaa bure. Mimi naona inanunua muda: muda wa kusoma karatasi, muda wa kumwona afisa wa kazi, muda wa kukataa kibarua cha nusu bei kwa sababu watoto hawajala. Haki ya siku 15 iko kwenye vitabu tangu 2007. Mtu mwenye njaa hawezi kuitumia.

Mimi na wengine wanne tulienda kwa afisa wa kazi. Barua ikaandikwa, wakaitwa, kukawa na vikao vitatu. Nililipwa kwa awamu mbili, ya mwisho ikaja baada ya miezi minne. Mathe tulimwambia hata yeye ana njia: sheria hiyo hiyo, kifungu cha 3, inasema makubaliano ya kuacha haki hizi za chini kabisa ni batili. Lakini ukishaweka sahihi, mahakama itataka kujua kama ulifanya kwa hiari na kwa kuelewa, na hiyo ni safari ya wakili na nauli za Kisumu. Alisema hana nguvu ya kesi. Saa hii anauza omena sokoni, na kilichomshika ni nyoluoro ya akina mama wenzake. Chama ndicho kilichomlipia karo, wala si serikali.

Ile miezi minne nilikaa Rongo kwa waya. Nikiwa huko ndio binti yake akarudi kutoka Tanzania. Alikuwa anafundisha shule ya binafsi Tarime. Ukivuka Isebania uko Sirari, na kutoka Sirari Tarime si mbali, kwa hivyo walimu wa Kenya wanaofanya kazi upande ule si wachache. Alikuwa na miezi 26 kazini, na mchango wake ulikuwa unaenda NSSF ya kule. Shule ikapunguza walimu. Mkuu akamwambia aandike barua ya kujiuzulu "ili mambo yaishe vizuri."

Majirani zetu wana kitu sisi hatuna. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2018, NSSF ya Tanzania ina fao la kukosa ajira. Liliingia mahali pa fao la kujitoa, ambalo lilikuwa linamruhusu mtu kutoa michango yake yote akiacha kazi, na watu walilalamika sana lilipoondolewa. La sasa liko hivi: kama umechangia angalau miezi 18 na kazi imeisha bila wewe kuiacha kwa hiari, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Mshahara wa binamu yangu ulikuwa shilingi 450,000 za Tanzania. Theluthi yake ni kama 150,000 kwa mwezi, mara sita ni 900,000.

Soma tena hayo maneno, "bila wewe kuiacha kwa hiari." Ile barua ya "mambo yaishe vizuri" ndiyo ingefuta kila kitu. Mwalimu mwenzake, Mtanzania, aliiandika, na akajifungia mlango mwenyewe. Binamu yangu alikataa. Alidai barua ya kusitishiwa kazi yenye sababu, akaipata, na dai lake ameliwasilisha. Bado anangoja jibu.

Yeye ni mgeni kule, na hilo linaleta maswali ya ziada. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inasema kwenye kifungu cha 10 kwamba mfanyakazi kutoka nchi mwanachama apate haki za hifadhi ya jamii kama wafanyakazi wa nchi anayofanyia kazi. Kifungu hicho hicho kinaliachia Baraza la Mawaziri litunge kanuni za mafao hayo. Kwenye karatasi sisi ni soko moja. Kwenye kaunta, binamu yangu ana namba mbili za NSSF, moja ya Nairobi na moja ya Dar es Salaam, na hizo namba hazijuani. Akirudi Isebania, miezi 26 aliyochangia haimfuati, na hata ingemfuata haina pa kutua, kwa sababu upande wetu hakuna fao la kuihesabia.

Ulaya walishalifikiria hili. Mtu anayeishi Ufaransa na kuvuka kila siku kwenda kazi Luxembourg, akipoteza kazi yote, anadai mafao kule anakoishi, na kuna fomu, U1, inayoonyesha miezi aliyochangia upande wa pili ili ihesabiwe. Fomu tu. Si teknolojia ya kwenda mwezini. Lakini fomu kama hiyo inafanya kazi pale ambapo nchi zote mbili zina kitu cha kulipa, na Kenya bado haina.

Najua mtu ataniambia, "Omera, unataka tukatwe tena?" Swali ni halali. Mimi mwenyewe nimechoka na makato. Lakini Afrika Kusini mfanyakazi anakatwa asilimia 1 na mwajiri anaongeza asilimia 1. Kwa mshahara wangu hiyo ni 210 kutoka kwangu na 210 kwa bosi. Ningeambiwa nichague kati ya hiyo na ile 315 ya nyumba, singefikiria hata dakika moja.

Pingamizi lenye uzito ni lingine. Zaidi ya asilimia 80 ya ajira Kenya, ukitoa kilimo kidogo, ni jua kali. Mvuvi wa Mbita anayegawana samaki na mwenye boti hana karatasi ya mshahara ya kukatwa. Mchimba dhahabu wa Macalder pia hana. Bima ya makato haitawafikia moja kwa moja, na yeyote atakayeileta bila kuwafikiria atakuwa amejenga kitu cha wachache.

Lakini angalia Awendo. Mwaka 2025 serikali ilikodisha viwanda vinne vya sukari kwa wawekezaji binafsi kwa miaka 30, na Sony ilikuwa mmoja wao. Wafanyakazi walibaki wanauliza mishahara ya nyuma na malipo ya kuondoka. Wakati mtu wa kiwandani anangoja, mama wa chapati anangoja naye, wa boda anangoja, mwenye nyumba anangoja. Mwenye karatasi ya mshahara akiwa na kitu mfukoni kwa miezi sita, jua kali lote linalomzunguka linapumua.

Hadi siku hiyo ifike, hiki ndicho unaweza kufanya, na hakihitaji Bunge:

1. Piga picha kila karatasi ya mshahara na mkataba wako, uweke mahali simu ikipotea hazipotei.
2. Kama unaitwa kibarua lakini umefanya kazi mfululizo zaidi ya mwezi, soma kifungu cha 37. Huenda sheria haikuhesabu kibarua tena.
3. Ukipewa karatasi ya kuondoka, omba nakala na muda. Kama lazima uchukue pesa siku hiyo, andika kwa mkono kwamba umepokea kiasi hicho tu, na dai la mengine linabaki.
4. Usiandike barua ya kujiuzulu kama hujajiuzulu. Kenya, Tanzania, popote.
5. Dai cheti cha utumishi. Ni haki yako, hata kama mmekosana.
6. Malalamiko ya kufutwa isivyo haki yapeleke kwa afisa wa kazi ndani ya miezi 3. Kesi ya madai ya ajira usipitishe miaka 3.
7. Kama unafanya kazi ng'ambo ya mpaka, uliza leo kama michango yako inafika. Usingoje siku ya kuondoka.

Na kama una mama, shangazi au rafiki aliye kazini miaka mingi na hajui hesabu ya siku 15, mfanyie usiku wa leo. Mshahara gawa kwa 30, zidisha kwa 15, zidisha kwa miaka aliyotimiza. Mwandikie hiyo namba aijue mapema, kabla mtu hajamwekea kalamu mkononi.