Heller ishirini

Kila siku tunasema "hela" bila kukumbuka kwamba ni heller ya Wajerumani. Kuanzia 1904 rupia moja ya koloni lao iligawanywa katika heller 100, na sarafu zililetwa kwa meli kutoka Ujerumani. Vita vilipoanza 1914, manowari za Uingereza zikaifunga bahari, na sarafu zikaadimika. Mwaka 1916 Wajerumani wakagonga za kwao katika karakana ya reli Tabora, wakitumia madini waliyoweza kuokoteza, yakiwemo maganda ya shaba ya mizinga iliyokwisha kufyatuliwa.

Bibi anayo moja, kijijini nje ya Sumbawanga: heller 20, yenye taji, mwaka 1916 na herufi T ya Tabora. Aliachiwa na babu yake, aliyebebeshwa mizigo ya jeshi katika vita hivyo. Wapagazi walikufa kwa maelfu, kwa njaa na maradhi. Yeye alirudi na kipande hiki.

Likizo iliyopita baba mdogo aliona kwenye simu kwamba sarafu za Tabora zinauzwa kwa mamilioni. "Mwanangu, ada yako hiyo hapo," akaniambia. Ikabidi nimweleze kwamba aliyoiona ni ya dhahabu, rupia 15, yenye tembo. Dhahabu yake ilitoka Sekenke, na ziligongwa elfu kumi na sita hivi. Za heller 20 ziligongwa zaidi ya milioni moja na nusu. Bei yake haifiki hata nauli yangu ya kurudi chuoni.

Alinyamaza. Bibi ndiye aliyecheka.

"Kwani wazee wetu walihitaji taji la nani?" akauliza. Hapa Ufipa mafundi walijenga tanuru za udongo zinazozidi kimo cha mtu, wakayeyusha chuma cha ardhi hii, na jembe likalipa mahari. Jembe lisipopokelewa na yeyote, bado linalima. Ganda la mzinga lililogeuzwa pesa halina kazi nyingine. Serikali iliyoligonga ilipoukimbia Tabora Septemba mwaka uleule, thamani yake ikabaki kwa aliyelibeba.

Mwezi wa saba baba mdogo aliuza magunia sita ya mahindi, akanitumia nusu ya ada. Nusu nyingine bado naitafuta. Sarafu hatujaiuza.