Juma la Mwisho la Kipupwe Kwa Mathias

Msomaji mpenzi, ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, ukapita Ubungo, Kimara, Mbezi na Kiluvya, utafika Maili Moja, katika mji wa Kibaha. Usishuke hapo. Endelea kidogo, na konda atapaza sauti: "Kwa Mathias! Wa Kwa Mathias wapo?" Hapo umekwisha safari ya kilomita 40 hivi. Utaona maduka, vijana wa bodaboda wakingoja abiria, na akina mama wenye meza za machungwa na mihogo. Nyuma ya maduka zimo njia za mchanga ziendazo kwenye nyumba na mashamba.

Njia hii kuu ina majina ya kuchekesha kidogo. Pana Maili Moja, pana Picha ya Ndege, pana Kwa Mfipa. Lakini jina la Kwa Mathias lina utamu wake, maana neno "kwa" ni neno la nyumbani. Twasema kwa baba, kwa mjomba, kwa shangazi. Mtu akikuambia "twende kwa fulani," unajua kwamba huko kuna mlango, kuna jiko, na kuna mtu wa kukuambia "karibu". Basi nataka kuwaeleza jinsi jamaa mmoja wanavyoishi nyumbani mahali hapo. Nilikaa kwao juma zima, tangu Jumatatu tarehe 26 Agosti 2024 hata Jumapili.

Wakati huo kipupwe kilikuwa kinakwisha. Kwetu sisi watu wa pwani, kipupwe ndiyo baridi yetu. Huanza Juni, masika yakiisha, na huendelea hata Agosti, upepo wa kusi ukivuma. Usiku joto hushuka hata nyuzi 18 au 19. Watu wa Makete na Lushoto watacheka wakisikia kwamba hiyo nayo yaitwa baridi, lakini mtoto wa pwani huenda shuleni asubuhi amevaa sweta, na bibi kizee huota moto. Ikifika saa nne jua hurudi na sweta hufungwa kiunoni.

Tena si mbali na hapo, Tumbi, waliwahi kuishi wageni walioijua baridi ya kweli. Mwaka 1963 ulianza mradi wa Serikali ya Tanganyika pamoja na nchi za kaskazini ya Ulaya, kama Denmark, Norway, Sweden na Finland. Zikajengwa shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha kuwafundisha wakulima, ili kupigana na maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Januari 1970 kazi yote ilikabidhiwa Serikali ya Tanzania, na leo yaitwa Shirika la Elimu Kibaha. Watu wa nchi zile za theluji wangekiona kipupwe chetu kuwa ni kiangazi kizuri.

Sasa tuingie nyumbani. Nyumba ni ya matofali ya saruji na bati, ina vyumba vitatu, na jiko liko nje. Shamba ni la ekari moja na nusu: mikorosho 14, minazi mitatu, mihogo na mbaazi. Mwenye shamba ni bibi, mama yake baba mwenye nyumba. Wamo pia mama, binti wa darasa la saba, na mtoto wa kiume wa miaka minne.

Siku ya Jumatatu baba aliamka saa kumi alfajiri, kama afanyavyo siku zote. Kazi yake ni katika ghala la vifaa vya ujenzi huko Kariakoo. Mama alikuwa amekwisha washa moto. Alimpa mumewe chai ya tangawizi na viazi vya jana, akamfungulia mlango. Watoto walikuwa wamelala. Barabara ya kutoka Kimara mpaka Kibaha, kilomita 19.2, ilianza kupanuliwa mwaka 2018 iwe ya njia nane, na kweli imepunguza taabu. Lakini Dar es Salaam yenyewe ilihesabiwa watu zaidi ya milioni 5 katika sensa ya 2022, na wengi wao huingia mjini saa ile ile. Malori ya Zambia, Kongo na Rwanda nayo yamo barabarani. Baba alirudi saa nne kasoro usiku. Watoto, isipokuwa yule binti, walikuwa wamelala tena.

Jumanne ilikuwa siku ya mikorosho. Mwezi wa Agosti mikorosho huwa na maua, na adui wa maua hayo ni ubwiri unga, ugonjwa unaoyafunika kwa ungaunga mweupe mpaka yakakauka. Dawa yake ni salfa. Alikuja kijana na mashine ya kupulizia kabla upepo haujaamka. Bibi alimfuata mti kwa mti na fimbo yake, akimwonyesha tawi alilolisahau. "Usinipakie vumbi chini, mwanangu," alisema, "maua yako juu." Mama naye alikuwa anang'oa mihogo. Mbegu yake ni ile iitwayo Kiroba, inayopendwa pwani kwa kuwa hustahimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Jioni aliikaanga kituoni, akaiuza kwa chumvi na pilipili. Baridi ikishuka, abiria hupenda kitu cha moto.

Jumatano akaja dalali. Alivaa vizuri, akaamkia vizuri: "Shikamoo Bibi." "Marahaba, baba. Karibu." Akaketi, akanywa maji, ndipo akasema neno lake. Kuna mtu wa mjini anataka nusu ya shamba, upande ule wa mikorosho, na fedha anazo mkononi. Alitaja kiasi kinachotosha kununua bajaji mpya, na kubakiza cha kumwanzisha binti sekondari. Alitaka jibu Jumatatu.

Msomaji, mambo haya hayako kwa jamaa hawa tu. Mji unakuja. Stendi kubwa ya mabasi ya mikoani ilifunguliwa Mbezi mwaka 2021. Tangu Juni 2024 treni ya umeme ya kwenda Morogoro inapita Soga, katika wilaya ya Kibaha. Kila jambo la namna hiyo huwaleta watu, na watu wanataka viwanja. Shamba ambalo jana lilipimwa kwa magunia, leo linapimwa kwa hatua.

Lakini bajaji ile haikuwa anasa. Baba alikuwa amekwisha sema zamani kwamba akipata bajaji ataacha kazi ya Kariakoo, awe akibeba abiria hapa hapa Kibaha, kati ya Maili Moja, Tumbi na Msangani, na kurudi nyumbani jioni kama wanaume wengine. Basi shauri lilikuwa gumu. Upande mmoja ardhi ya bibi, upande wa pili jioni za baba.

Alhamisi usiku niliona jambo lililonigusa. Binti alikuwa na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi baada ya majuma mawili, kwa hiyo alikesha akisoma. Ndiye aliyemfungulia baba yake mlango. Baba alinawa, akala ugali na kisamvu cha nazi kilichofunikwa kwa sahani, na huku akila alimsikiliza binti akieleza hesabu za sehemu. Alichoka, macho yalikuwa yanafumba, lakini alimwuliza swali moja moja. Nusu saa hiyo ndiyo shule yao wawili.

Ijumaa, mgeni mmoja wa kituoni alimwuliza yule mdogo, "Baba yako anakaa wapi?" Mtoto akajibu bila kufikiri, "Anakaa mjini. Jumapili huja Kwa Mathias." Watu walicheka sana. Mama alicheka pia, kisha akainama akachochea moto, ingawa moto ulikuwa unawaka vizuri.

Jumamosi ilikuwa ya kufua, kufagia uwanja, na kusafisha banda la kuku. Baba aliwahi kidogo, akafika saa moja na nusu akiwa na vibua na mfuko wa machungwa. Mdogo alikuwa bado macho, akang'ang'ania mguu wa baba mpaka akapitiwa na usingizi.

Jumapili baada ya chakula cha mchana waliketi chini ya mwembe, nao wakanikaribisha nisikie. Baba alieleza habari ya dalali kwa taratibu, kwa kuwa shamba si lake. Kisha mama akaomba ruhusa.

"Mama, nisamehe nikisema. Miaka tisa mimi ni mke wa Jumapili. Sikatai kulima, wala sikatai kukaanga mihogo. Lakini mtoto huyu hamjui baba yake. Ardhi tutaila, je, mtoto akikua bila baba tutamrudisha wapi?"

Bibi alinyamaza kitambo. Wala hakukasirika. Akasema, "Umesema kweli, mwanangu, nami nimekusikia. Lakini tazameni juu ya miti ile. Imejaa maua. Mtu hauzi ng'ombe mwenye mimba kwa bei ya nyama. Na huyu anayetaka jibu kesho, mbona mimi sina haraka naye?"

Wakazungumza mpaka jua likapungua. Binti aliitwa alete daftari, akaandika hesabu. Korosho huanza kuokotwa Oktoba. Mama ana akiba yake katika kikoba, nao hugawana mwisho wa mwaka. Wakijumlisha fedha hizo mbili, huenda Januari wakapata bajaji iliyokwisha tumika, isiwe mpya. Ikipungua kidogo, bibi alikubali iuzwe ile pembe ya kando ya njia isiyo na mkorosho, na siyo kwa maneno ya chini ya mti. Iandikwe katika ofisi ya serikali ya mtaa, mbele ya mashahidi na majirani wa mipaka, na watoto wote wa bibi wajue. Dalali ataambiwa ahsante.

Hivyo basi, kwa muda wa miezi minne au mitano baba ataendelea kuamka saa kumi. Shauri hilo lina gharama, na mwenye kulipa ni mama na yule mdogo kuliko wengine. Mama alijua hivyo, akakubali. Ila aliomba jambo moja: siku ya Jumatano mdogo alale mchana vizuri, ili usiku amngoje baba yake pamoja na dada yake. Baba akasema, "Nami Jumatano nitakataa kazi ya ziada." Jambo hilo halikuhitaji fedha, wala dalali.

Sisi tunaoishi kando ya barabara kubwa tuna la kujifunza hapa. Barabara huleta mkate, hospitali na shule, wala hatuwezi kuichukia. Lakini hutuchukulia baba zetu alfajiri na kuwarudisha usiku, na hutuletea watu wenye fedha taslimu siku ile ile tulipo na shida. Mwenye shida asijibu siku hiyo hiyo. Akae na wa nyumbani mwake, aandike hesabu, amsikilize mzee mwenye ardhi na mama mwenye mzigo, ndipo aseme ndiyo au la.

Kaskazi itakuja, joto litarudi, vuli itanyesha, na sweta za watoto zitawekwa sandukuni. Nyumba nyingi mpya zitajengwa Kwa Mathias, maana mji hauzuiliki. Lakini jina lile linatukumbusha kwamba kabla ya kiwanja kuna nyumba, na kabla ya nyumba kuna mtu. Ukipita njia hiyo ukasikia konda akiita, wakumbuke wale wanaongoja mlangoni saa nne usiku, sahani ikiwa imefunikwa.