Kuulizia Mirathi si Uroho

Katika vijiji vyetu vya Usambara, kutoka Soni hadi Mtae, lipo swali linalohesabiwa kuwa utovu wa adabu msibani: marehemu ameacha nini, na nani ana haki katika alichokiacha? Anayeuliza huambiwa asubiri arobaini. Arobaini ikipita, asubiri mavuno. Kisha asubiri kaka mkubwa arudi kutoka Dar es Salaam. Subira hiyo tumefundishwa kuiita heshima, na kwa subira hiyo wengi wamepoteza urithi wao bila ugomvi wowote kusikika.

Baba yangu mdogo alipofariki aliacha shamba la viazi na kabichi bondeni, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Kwa miaka miwili mabinti hao waliambiwa tu kwamba mambo yanashughulikiwa. Mkubwa wao aliponipigia simu, hakutaja kiasi. Aliuliza, “Kaka, nitajuaje kama nimo?”

Swali hilo lina jibu la kisheria. Ukoo hupendekeza msimamizi wa mirathi, lakini mwenye kumteua ni mahakama. Kwa mirathi inayofuata mila au Uislamu, mahakama ya mwanzo hufungua jalada lenye namba. Kanuni za mwaka 1971 zinamtaka msimamizi, ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa, awasilishe orodha kamili ya mali na madeni kwa Fomu Na. 5, kisha hesabu za mirathi kwa Fomu Na. 6. Kama hakuna msimamizi aliyeteuliwa, anayeuza shamba la marehemu anauza asichokuwa na mamlaka nacho. Wosia nao huenda umehifadhiwa kwa wakili, benki au RITA.

Mabinti wale walikwenda mahakamani. Jalada lilikuwapo. Warithi waliotajwa walikuwa wawili, wote wanaume. Wameweka pingamizi, na shauri linaendelea.

Wanaume hao hawakubuni desturi hiyo wenyewe. Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963 linawaweka mabinti daraja la tatu, nyuma ya kaka zao, ilhali hata fiqhi inayofuatwa na wengi milimani humtengea binti fungu lake. Mwaka 1990, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo anaweza kuiuza kama mwanamume. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliitaka Tanzania ibadili sheria hizo za mila, kufuatia malalamiko ya wajane wawili.

Hukumu hizo hazimfikii binti wa Mlalo au Bumbuli asiyejua kwamba jalada lipo. Kwa hiyo, ndugu mtumishi wa umma, anapofika mezani kwako kuuliza, usimwambie arudi kesho. Na wewe mwanafunzi, likizo hii, waulize dada zako na shangazi zako kama wanaijua namba ya jalada.